Mkataba Nilioutia Dole Gumba

Nimechoka na mikataba, mimi. Nasema mapema ili anayetaka habari za ngumi zenyewe, mkanda unavyong'aa na ukumbi unavyolipuka kwa mayowe, aende kwa mwingine. Sijawahi kufurahi kumwona mtoto niliyemlea akipigwa usoni, hata siku alizoshinda. Mimi ni fundi cherehani. Miaka mingi nilikaa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la vitambaa Sumbawanga mjini, duka la familia moja ya Kiislamu walionipa nafasi bure na chai ya saa nne, na mimi nikawashonea watoto wao kanzu na sare za shule kwa bei ya udugu. Jumapili nilirudi kijijini kwetu, njia ya Namanyere, kwenye kigango chetu, ambako nilikuwa msomaji wa somo la kwanza kanisani. Hayo mawili niliyajua vizuri: kushona na kusoma mbele za watu.

Bondia mwenyewe ni mtoto wa kaka yangu. Kaka alifariki mtoto akiwa darasa la tano, mama yake akaolewa huko Milepa, akabaki na mimi shangazi yake. Alikua na mikono mirefu na hasira za karibu. Akawa anabeba magunia kwenye mashine ya kusaga, na nyuma ya mashine hiyo mlinzi mmoja, mwanajeshi mstaafu, alikuwa akifundisha vijana ngumi kwa kupiga gunia la pumba. Nilipopata habari, alikwisha kupigana mara tatu na kushinda zote tatu. Niligomba siku nzima. Eti akanijibu, "Shangazi, si ndiyo kazi niliyopata?"

Aliposaini mkataba na promota mmoja wa Dar es Salaam, palikuwa na mstari wa mwakilishi wa bondia. Akaniandika mimi. Nilicheka, nikaweka sahihi, nikarudi kwenye cherehani. Kumbe kuanzia siku ile neno langu lilikuwa na nguvu sawa na lake, na mimi nilidhani ni heshima tu ya mtoto kwa mlezi wake.

Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, na ndani yake asipigane popote, na yeyote, bila ruhusa ya promota. Karibu miaka miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Halafu promota akapata kijana mwingine, mdogo, mwenye maneno mengi kwenye simu za watu, wetu akasahauliwa. Miezi kumi na minne hakupanda ulingoni. Akipiga simu haipokelewi, ikipokelewa anaambiwa avute subira. Akarudi kijijini kulima mahindi na ulezi. Kila asubuhi nikiwepo namwona anakimbia kwenye ule upepo wetu wa baridi, peke yake, kofia imefunika masikio, akirusha ngumi hewani. Ng'ombe wanamtazama. Ilinikera kumwona vile, tena sana. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na kwa mkulima huo ni ujana mtupu, lakini kocha wake, yule mlinzi, alikwisha kuniambia kwamba kwa bondia zimebaki siku chache.

Imebaki miezi miwili mkataba uishe, akapiga simu promota mwingine, wa Mbeya. Ana pambano la mkanda, anamtaka kijana wetu, sharti moja tu: awe huru, au awe na ruhusa, kabla ya siku ya kupima uzito. Akiwa bado amefungwa na yule wa Dar, nafasi anapewa mwingine. Mtoto aliniletea habari hiyo mjini kwa miguu yake, hakutaka kunipigia. Alisimama mbele ya cherehani akasema, "Shangazi, hii ikipita, basi tena." Nilijua anasema kweli.

Na hapo ndipo yule wa Dar alipoamka usingizini. Jamani, watu hawa! Miezi kumi na minne kimya, halafu akasikia mtu mwingine anakitaka alichokitupa. Akamtuma dereva wake kwanza, kijana mwenye adabu, aje aulize wazee wa nyumba wana nafasi siku gani, mkubwa wake ana neno la kuongea nao. Sasa niambie: mtu anatuma mtu mbele, anauliza wazee wana nafasi lini, ana neno. Kwetu huyo ni mshenga, na anayekuja nyuma yake ni mposaji. Baba mkubwa wa ukoo akasema basi tumpokee inavyostahili. Hakuna aliyeona ajabu, na mimi mwenyewe ndiye niliyepanga viti.

Akaja Jumamosi, gari limejaa matope mpaka vioo. Akasalimia vizuri, shikamoo kwa kila mmoja, akala ugali wa ulezi na samaki, migebuka iliyotoka Kipili, bila kuchagua. Wazee wakaanza utani wa kuposa. Mmoja akamwuliza, "Haya, umeona ua gani kwenye bustani yetu?" Mwingine akadakia, "Ua lenyewe lina ndevu, angalia usije ukachomwa!" Tulicheka sana siku ile. Hata promota alicheka. Kijana mwenyewe hakuwepo barazani, maana anayeposwa hakai wanapozungumza wakubwa. Alikuwa jikoni na wanawake anakula viazi, nao wanamtania kwamba leo anaolewa.

Promota akatoa bahasha akanikabidhi kwa mikono miwili. Mimi ndiye mpokea bahasha wa ukoo wetu, kwa sababu nasoma vizuri na siyumbishwi na maneno matamu. Sasa kwetu bahasha ya kwanza ni ya kufungua mdomo. Ukiipokea, umekubali kumsikia mgeni, basi. Hujampa mtu wako. Mnakaa, mnashauriana, mkikataa mnairudisha ilivyo na mambo yanaishia hapo, hakuna kesi wala kununiana. Nimepokea bahasha nyingi za mabinti wa ukoo, na mbili nilizirudisha kwa mikono yangu, na hao niliowarudishia tunasalimiana mpaka leo. Kumkatalia mgeni mlangoni ndiyo ingekuwa utovu wa adabu. Mpango wetu ulikuwa kupokea, kukaa siku chache, kisha kumjibu hapana.

Na karatasi alikuwa nayo. Niliisoma yote, kwa sauti, wazee wasikie: kwamba mwakilishi wa bondia amepokea sehemu ya kwanza ya malipo ya kuongeza mkataba kwa miaka miwili. Baba mkubwa akauliza, "Miaka miwili?" Nikamjibu, "Ndiyo anachoomba, baba. Ndiyo posa yake." Nikaweka sahihi, jina langu kamili. Kisha nasi tukafungua daftari la ukoo, lile la mahari, tukaandika kwamba bahasha ya kufungua mdomo imepokelewa, tukampa naye asaini. Alisaini huku akitabasamu. Nilidhani amefurahia ugali.

Baada ya siku sita nikairudisha bahasha kwa dereva wa basi ninayemwamini, na barua ya adabu kwamba wazee wamekaa na hawakuafiki. Ikarudi haijafunguliwa. Nikampigia simu. Akasema taratibu kabisa, wala hakunitukana, "Mama, hii si mahari. Umesaini nyongeza ya mkataba. Kijana ni wangu miaka miwili mingine."

Mwe! Nilikaa chini palepale, barazani, kitambaa cha mtu kimening'inia kwenye sindano. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuniibia. Nilisoma mwenyewe, kwa sauti, kila neno, nikalielewa kwa akili ya kwetu. Jioni nilimwambia mtoto. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, shangazi," akaenda kulala bila kula, na mimi ningependa angenigombeza.

Promota wa Mbeya hakukata tamaa. Alisema mambo haya husuluhishwa, akamshawishi wa Dar wakubaliane watu watatu wa kuamua: mwamuzi mstaafu wa ngumi awe mwenyekiti, na mwanasheria mmoja, na mzee mmoja wa michezo. Wakachagua kukutana Mbeya, kwenye ukumbi mdogo wa kukodi. Tukapanda basi alfajiri, mimi na mtoto, Laela, Tunduma, mpaka Mbeya. Zilikuwa zimebaki siku mbili watu wapime uzito.

Kabla ya kikao promota wa Mbeya alininywesha chai kwenye mgahawa wa jirani. Mtu mnene, mpole, anayekukatia andazi kabla hujaomba. Mtoto alikuwa nje anaongea na kocha kwa simu.

"Mama, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba," nikasema. "Na kanisani nasoma somo la kwanza."

Akanisukumia sukari. "Leo hujasoma. Karatasi iliyosainiwa na mtu asiyejua kusoma, bila kusomewa na shahidi asiye na upande, haiwezi kumfunga mtu. Mwanasheria atalisema mwenyewe. Wewe sema tu hujui kusoma, ulifundishwa kuandika jina lako, basi. Kijana yuko huru leo hii."

Nikamwambia hiyo ni dhambi. Akaniambia, "Mama, dhambi utaungama Jumapili. Kupima uzito ni keshokutwa." Nikanywa chai yote, moto hivyo hivyo. Nikamfikiria mtoto na wale ng'ombe.

Kikao kilianza. Promota wa Dar akatoa karatasi yake, akaeleza. Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Ulielewa kilichoandikwa?"

Nilimwona mtoto ananitazama. Nikasema, "Mzee wangu, mimi sijui kusoma. Jina tu ndilo nilifundishwa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Nilijua watanibana, labda wataniletea gazeti, labda wataniuliza shule gani, na nilikuwa na majibu ya yote. Hawakuuliza hata moja! Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huruma, "Pole, mama." Mwanasheria akaandika. Yule mzee wa michezo akanisogezea glasi ya maji, kana kwamba nimesema naumwa. Walinitazama, kitenge changu, viatu vyangu, mikono yangu, na wakaamini papo hapo. Nilitaka kusimama niwasomee ukuta mzima. Hasira niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena, na sikuwa na wa kumgombeza, maana mwongo alikuwa mimi.

Promota wa Dar aliruka kwenye kiti. "Huyu mama alinisomea yeye! Kwa sauti! Wazee wote wakasikia!" Mwenyekiti akamwambia apunguze kelele. Mzee wa michezo akacheka kidogo, "Wewe bwana, mama huyu akusomee mkataba?" Mtu wa watu alikuwa anasema kweli tupu, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo alivyoonekana tapeli. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa. Najua aliona aibu, lakini alinyamaza kama mimi.

Wakaamua: nyongeza haina nguvu, fedha ya bahasha irudishwe, bondia awe huru mkataba wa zamani ukiisha, na kwa kuwa promota alikaa miezi kumi na minne bila kumpa pambano, asimzuie kwenye hili la Mbeya. Mtoto akaruka, akanikumbatia, akaniinua juu mzee mzima. Kwa dakika hiyo nilisema moyoni, liwalo na liwe, nimefanya sawa.

Na palepale, bado tumesimama, promota wa Mbeya akatoa mkataba wake kwenye mkoba. Akasema usainiwe sasa hivi mbele ya wasuluhishi, jina lipelekwe kabla ofisi hazijafungwa. Mtoto akasaini kwanza, mbio mbio, akicheka, hata hakukaa. Kisha mstari wa mwakilishi. Mwenyekiti, kwa wema wake, akasema, "Mama huyu asomewe kwanza, yasije yakatokea yale yale." Akaagiza na kidau cha wino.

Karani wa promota akasimama pembeni yangu kunisomea, na promota akauweka mkataba mezani, mbele yangu kabisa, umenyooka. Karani anasoma, na macho yangu yakashuka yenyewe. Ukurasa wa pili, kifungu cha tisa. Niliona kwamba mkataba ni wa mwaka mmoja, na kwamba promota anaweza kuuongeza mwaka baada ya mwaka, mara tatu, kwa kuamua peke yake, bondia asipigane kwingine muda wote huo. Karani alitoka cha nane akaenda cha kumi.

"Naomba nisomewe tena," nikasema. "Pole pole."

Akasoma tena pole pole. Cha nane, cha kumi. Nikainua uso nikamwona promota wa Mbeya. Alikuwa ananitazama kwa utulivu, mpole vile vile kama kwenye chai. Yeye ndiye mtu pekee upande wetu, mbali na mtoto, aliyejua kwamba nasoma. Ndipo nilipoelewa kwa nini karatasi ile haikuweza kungoja kesho.

Na mlangoni yule wa Dar alikuwa hajaondoka. Akapiga kelele, "Tazameni macho yake! Tazameni yanavyotembea kwenye mstari, anasoma huyo!" Wote watatu wakanigeukia. Nikayatoa macho kwenye karatasi nikayapeleka ukutani, kwenye kalenda, nikaikodolea kama picha. Nikamwambia mtoto, kwa sauti niliyoilazimisha iwe ya kawaida, "Wewe umeisoma, baba?" Akanijibu, "Nimeshasaini, shangazi, twende!" Ningesema nini? Ningemwambia kwa Kifipa, promota wa Dar angeuliza nimejuaje, na wasuluhishi wangeuliza pia, na yote yangebomoka, pambano lingekwenda na sisi tungerudi miaka miwili nyuma ya gari lile la matope. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti mwenyewe alinishika dole gumba, akalizungusha kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi taratibu, asije akaniumiza.

Pambano alishinda kwa pointi. Wanasema lilikuwa zuri. Mimi nilikaa chooni raundi zote kumi, nikatoka niliposikia makofi.

Baada ya hapo mambo yakarudi kule kule. Mwaka ukaisha, promota akauongeza. Mapambano akampa moja dogo, la kusindikiza pambano la wengine, kisha kimya. Amemfungia yeye na mkanda wake asiende kwa mwingine, kijana anaitwa kutoka Zambia, anaitwa kutoka Dar, jibu ni kwamba ruhusa haijatoka. Sasa ana thelathini na tatu, na mwezi jana tena mkataba umeongezwa. Ameacha kukimbia asubuhi. Mimi kigangoni nilimwomba katekista amtafute msomaji mwingine, nikasingizia macho, nikaongeza uongo juu ya uongo. Ule wa kwanza niliuungama kweli, na padre alinipa sala chache tu. Habari ya kifungu cha tisa sikuitaja, sikujua niiite dhambi gani.

Wiki iliyopita mtoto alikuja nyumbani na mkataba, ameuweka kwenye mfuko wa nailoni. Akakaa kwenye kigoda, akasema, "Shangazi, nimeshindwa. Maneno yao magumu. Nisomee wewe, unitafutie ni wapi nilipokubali upuuzi huu." Nikaupokea. Dole langu lilikuwa pale chini, la buluu, limepauka kidogo. Nikaanza ukurasa wa kwanza, kifungu cha kwanza, kwa sauti, kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Nilisoma taratibu ili nichelewe kufika. Nilipofika cha tisa nikakisoma, nikakirudia, nikasema, "Kumbe ni hapa."

Alikunja ule mfuko wa nailoni. Kisha akasema, "Wale watu, shangazi. Siku ile wangekuacha usome kama unavyosoma hivi, ungekiona. Ungeniambia."

"Ningekuambia," nikasema.

Akanishika mkono, akaniomba msamaha kwa aibu niliyoipata mbele ya watu wale kwa ajili yake. Alisema ameibeba moyoni muda wote huu na hakupata nafasi ya kunipa pole. Nikamwambia asante, mwanangu.